Mkalimani wa Bi Anke

...na sasa anasema mraba, huo nauweza, "anasema alianza na mraba, kisha akaukata," natafsiri kwenye maiki, na watu wa Old Moshi waliojaa ukumbini wanaitikia kwa vichwa kana kwamba wameelewa, lakini macho yangu yako kule nyuma kwa Yuditha, mke wangu, amesimama mbele ya mchoro mkubwa wa huyu Mjerumani, mistari miwili ya kijivu na mmoja wa rangi ya udongo, basi, hakuna mtu, hakuna mlima, hakuna hata mgomba, na hajabanduka hapo tangu tuingie, anautazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala, michoro yangu hajaitazama hivyo, ile kumi na moja niliyochora mwaka wageni wa Kijerumani walipokoma kuja kupanda mlima, nikakaa nyumbani bila kazi ya kuwaongoza, akaniuliza, "Filemon, hiki ni nini?" "Ukungu wa asubuhi, hapo kihambani kwetu, kwenye migomba." "Ukungu uko wapi? Mbona naona madoa," akacheka, na hakucheka kwa ubaya, ndilo linaloniuma, wiki iliyofuata nikaukuta ukungu wangu umefunika banda la kuku, rangi chini, na mvua haikupenya, sijashika brashi tena... Bi Anke ananisubiri, "anasema amesoma sana kazi za wasanii wa usasa, wale wa Ulaya wa miaka mia iliyopita, walioacha kuchora watu na nyumba wakachora mistari na rangi tupu," na Mzee Kornel ananyoosha mkono, "Mwanangu, hebu muulize, kwa nini waliacha? Walishindwa kuchora mtu?" na jibu ninalo mimi, Mzee, niulize mimi, waliacha kwa sababu ukungu hauna uso, lakini nani anamuuliza mkalimani, nageuza swali kwa Kijerumani, Bi Anke anatabasamu, anakwangua rangi iliyokauka kwenye ukucha, anajibu polepole, hajui kwa nini waliacha, anajua tu kwamba kila mstari anaouchora anakuta wao wameshapita, miaka thelathini, na halafu neno lile, nalijua, wageni walilitumia wakimtazama mwenzao anayetangulia kileleni, husuda, hapana, kijicho, hapana... wivu... huyu? ukumbi wote wake, mke wangu hapo kwenye ukuta wake, na bado wivu? namtazama vizuri mara ya kwanza, mama wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, kama yangu mwaka ule, watu wanasubiri, na tangu asubuhi nimekuwa nikisema anasema, anasema, wakati mkalimani hutakiwa kusema mimi, nilikataa, sikutaka maneno yake yapite kwangu kama yangu, "Nina wivu," nasema, maiki inavuma kidogo, "nawaonea wivu walionitangulia, miaka thelathini sasa," Yuditha bado amenipa mgongo, Mzee Kornel anaguna taratibu, na Bi Anke anaongeza maneno machache tu, nayameza kwanza, kisha nayatoa, "na bado nachora."