Mkono Uligusa

Kama watu wote wanaodai walikuwepo siku kaka yangu aliporuka ngazi za maktaba wangekuwepo kweli, ngazi zile zingebomoka siku hiyohiyo, na manispaa isingehangaika kuzibomoa sasa. Mimi nilikuwepo. Tulikuwa kaka, mimi, na mpiga picha aliyelala kifudifudi sakafuni ili ngazi zionekane ndefu zaidi. Kulikuwa na mlinzi wa maktaba pia, ila yeye alikuja baadaye, na alikuja na rungu.

Kaka tulimwita Nyuki kwa jinsi magurudumu ya skeitibodi yake yalivyovuma. Ulimsikia mtaa mzima kabla hujamwona. Enzi hizo hatukuwa na uwanja. Tuliteleza barabarani, kwenye maegesho ya magari, kwenye vizingiti vya benki siku za mapumziko, na kote huko tulifukuzwa. Picha ya siku ile ilitoka kwenye jarida la vijana: Nyuki yuko hewani, magoti yamefika kifuani, ubao umepinduka chini ya miguu yake na ngazi zote ziko chini ya ubao. Waliokata ukurasa ule na kuubandika ukutani leo wana vitambi na presha. Wana pia kundi la simu, na kundi hilo linanitia hasira kila siku ya Mungu.

Humo hawaamkiani, wanakumbushana. Mmoja ataweka kipande cha video chenye chenga tupu, Nyuki akikwaruza ukingo wa chemchemi ya maji. Mwingine atalalama kwamba vijana wa leo wamejengewa viwanja laini na hawajui kufukuzwa. Mwingine ataapa hajawahi kuona mguu mwepesi kama ule. Halafu wanarudi kwenye picha, lazima warudi kwenye picha. "Nilikuwa pale pembeni," anaandika Mwenyekiti, ambaye anauza bima na ndiye aliyeanzisha kundi. "Alipotua, upepo wake ulinipiga usoni." Upepo! Mwaka ule Mwenyekiti hakuweza hata kusimama juu ya ubao bila kushika ukuta. Mimi nilikuwa nateleza, tena vizuri, ila nikiandika neno humo wananitumia kidole gumba na kuniita mdogo wake Nyuki.

Ukweli ni huu. Picha ilionyesha kuruka, haikuonyesha kutua. Kaka alitua miguu yote ikiwa ubaoni na ubao ukasonga mbele, lakini uzito ulimvuta nyuma na kiganja chake cha kulia kikagusa chini. Kwa mtu mwingine hilo si kitu. Kwetu mkono ukigusa, haihesabiki. Mchezo huu hauna refa, kwa hiyo sheria hiyo kila mtu anaibeba mwenyewe. Kaka aliokota ubao apande tena, ndipo mlinzi akatokea, tukatimua mbio. Siku chache baadaye akavunjika kifundo cha mguu kwa upuuzi mtupu, akivuka mtaro bila hata ubao. Alipopona, picha ilikuwa imeshatembea mji mzima. Aliwaambia watu kwamba haikuhesabika. Wakasema, oneni unyenyekevu wake.

Mwaka huu manispaa ikatangaza kwamba ngazi za maktaba zinabomolewa ili ujengwe mteremko wa viti vya magurudumu. Huwezi kugombana na mteremko, lakini kundi lilifanya msiba. Wakapanga kukutana Jumamosi asubuhi kabla kazi haijaanza, Mwenyekiti atoe hotuba, kisha wote wapige picha na Nyuki mahali palepale.

Habari hiyo ilipotoka kaka alikuja karakana kwangu. Mimi ni fundi wa makochi. Alinikuta nimepiga magoti nikivuta kitambaa juu ya egemeo la mkono, misumari mdomoni. Yeye ni fundi wa lifti, mtu wa kushinda kwenye mashimo yenye giza akipaka grisi, na alikuwa hajakanyaga ubao kwa miaka. Kwapani alikuwa na ubao mpya, msasa wake wa juu wa kushika viatu haujachubuka hata kidogo.

"Usicheke," alisema.

Nilitema misumari kwanza. "Sijacheka. Umemnunulia nani?"

"Nafsi yangu. Nataka kuziruka zile ngazi, dogo. Kabla hazijaondoka."

"Kaka, una kipara."

"Kipara hakitui. Inatua miguu."

Alikaa kwenye kochi la mteja lisilo na mito, akaushika ubao mapajani. Akaniambia juzi alikuwa anatengeneza lifti kwenye jengo la ofisi, mtu akamtambua, akamshika mkono na kumwambia kwamba ile picha ndiyo ilimtoa woga maishani. "Nilitamani sakafu ipasuke niingie," kaka alisema. "Nimebeba kitu ambacho si changu. Kingekuwa cha mtu, ningemrudishia. Hakina mwenyewe. Dawa yake ni kukifanya kiwe changu, na zile ngazi zikiondoka imekula kwangu."

Nilimhurumia, na papo hapo nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi sana. Katika kundi zima lile la wapiga domo, huyu peke yake alitaka kuteleza.

Tukaanza mazoezi uani, nyuma ya karakana. Nilipanga mapaleti yakawa jukwaa, nikatandika magodoro ya makochi ya zamani chini yake, na jioni baada ya kazi kaka aliruka. Mwili wake ulikumbuka kila kitu, ila ulichelewa kufika. Ubao ulipinduka vizuri, yeye akawa bado yuko kwenye mawazo. Au yeye alifika mapema na ubao ukaenda kumgonga paka wa jirani. Nilimshonea mto wa sponji wa kuvaa nyongani ndani ya suruali. Akawa kama mtu aliyeiba mto hotelini. Hakulalamika hata siku moja. Alianguka, akajikung'uta, akapanda tena, na nikimwambia apumzike alinijibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Mke wake ndiye aliyekuwa mtihani. Wifi yangu ni nesi wa wodi ya mifupa, na michubuko haiwezi kufichwa kwa mtu wa kazi hiyo. Alikuja uani akiwa bado na sare zake.

"Wifi, mume wangu anaangukia wapi?"

"Hapa," nilimwambia. Sikuona faida ya kumzunguka.

"Mimi nashinda nikiwageuza kitandani watu wa umri wake walioteleza bafuni. Bafuni! Yeye bafu halimtoshi, anataka ngazi."

Kaka alitoka nyuma ya mapaleti, vumbi tupu. "Mke wangu, sikiliza..."

"Wewe ndiye usikilize. Sikio la kufa halisikii dawa, najua, kwa hiyo dawa sikupi. Nakuuliza kitu kimoja tu. Unafanya haya kwa ajili ya wale wazee wa kwenye simu?"

"Hapana. Wale wanaamini nilishafanya."

"Sasa unamwonyesha nani?"

"Simwonyeshi mtu. Nataka nifanye."

Wifi alimsogelea. Nilidhani ataondoka na ubao. Badala yake akamwambia ageuke, akambonyeza nyonga juu ya suruali, akatikisa kichwa. "Wifi, huu mto umeuweka pabaya. Mfupa unaovunjika uko hapa chini. Fumua." Nikafumua mshono, nikashona upya pale alipoonyesha kwa kidole. "Na kofia ngumu," alimwambia mumewe. "Nikikukuta bila kofia, huo ubao nauvunja kwa mguu wangu mwenyewe."

Jumamosi walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Wengine walivaa fulana za enzi zile, zimewabana kiasi kwamba maandishi yamenyooka kama yamepigwa pasi. Wengine walileta mbao zao za zamani, si kuteleza nazo, kuzishika tu. Walikumbatiana, walipigana mabega, na sitaki kuwaonea, kuna waliokuwa na machozi ya kweli. Mwenyekiti alipanda ngazi ya juu na kuanza kueleza ule upepo.

Kaka alimwacha afike katikati, kisha akainua mkono. "Jamani, kabla ya picha. Siku ile mkono uligusa. Haikuhesabika. Nimekuja kuifanya leo."

Wakacheka kwa mapenzi. Mwenyekiti akashuka akamshika bega. "Nyuki, ndugu yangu, umri unakusahaulisha. Mimi nilikuona kwa macho haya. Hukugusa."

"Mkono ulikuwa wangu, Mwenyekiti."

"Na macho yalikuwa yangu! Watu wote wanajua. Lisemwalo lipo."

"Kama halipo, laja," kaka alisema, akifunga mkanda wa kofia. "Nipishe nilifuate."

Akapanda. Mara ya kwanza aliusukuma ubao pembeni akiwa hewani, akashukia miguu yake na kukimbia. Mara iliyofuata alianguka vibaya, kwa ile nyonga yenye mto, na wifi alinibana mkono hadi kucha zikaingia. Kaka akaamka. Akaanguka tena. Simu zilizokuwa juu zikimrekodi zikaanza kushuka moja moja, kwa sababu hakuna aliyekuja kumwona Nyuki akianguka. "Inatosha, bosi, tumekuelewa," walimwambia. Jamaa mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba mzee anaharibu kumbukumbu.

Nikageuka. "Kumbukumbu yako itie mfukoni," nilimwambia. "Mwache mtu apande ngazi."

Kisha akaruka, na mara hii kila kitu kilikaa sawa. Ubao ulipinduka mara moja, miguu ikaukamata, magurudumu yakapiga chini kwa pamoja na yeye akasonga mbele amechutama. Uwanja ulilipuka. Wenye mbao wakawa wanazigonga chini, ndiyo makofi yetu, wengine wakirukaruka kama wamefunga goli la dakika za mwisho. Mwenyekiti alikuwa ameirekodi yote. Wakamzonga waione.

Mimi niliona kiganja. Kilipitia juu ya sakafu kwa kiasi cha kufuta vumbi tu, kiganja kilekile.

Katikati ya kelele zile kaka alinitafuta kwa macho. Alikuwa anachechemea, damu inamtoka kwenye kiwiko. Ningetabasamu tu, yangeisha, mtu angekwenda nyumbani na mifupa yake. Nilitamani kutabasamu, nampenda kaka yangu. Nikasema, "Mkono." Hakuweza kunisikia, lakini aliona mdomo wangu. Akanionyesha kiganja kilichochubuka, akatikisa kichwa kukubali, akaokota ubao.

"Anakwenda wapi tena?" wifi aliuliza. "Si ametua?"

"Mkono umegusa, wifi."

"Umegusa kidogo."

"Umegusa."

Alimtazama mume wake akipanda, ameshika kishikio cha ngazi, mguu mmoja ukiburuta nyuma ya mwenzake. Nilijua sasa atamwita ashuke, na angemwita, angeshuka. Wifi akavuta pumzi. Akaenda pale chini ambapo Mwenyekiti alikuwa ametupa begi lake kwa furaha, katikati kabisa ya njia ya kutua. Akaliokota begi, akaliweka kando, akarudi kusimama nami.

Magurudumu yakavuma juu, kisha yakanyamaza. Kaka alikuja hewani na uso wake wote, sijui niseme vipi, alikuwa hapo mzima, hakuchelewa. Magurudumu yakapiga chini. Alibonyea hadi nikadhani atakaa, mikono yote miwili ikiwa juu kama aliyewekewa bunduki, akainuka, akasonga. Alipita nyuma ya watu waliozunguka simu ya Mwenyekiti. Mmoja wao alisogea kumpisha bila kuinua macho kwenye kioo, kama unavyompisha mtu wa baiskeli. Kaka aliendelea hadi kwenye maegesho, hadi ubao ukasimama wenyewe, naye bado yuko juu yake.

Nilikimbia nikilia. "Hawajaona!" nilimwambia. "Hata mmoja! Wako pale wanatumiana ile ya mkono. Ngoja nikawaambie, wapumbavu wale!"

"Utawaambia nini, dogo? Wao wanayo yao."

"Na wewe?"

Alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja. Wifi alifika, akapiga magoti kwenye lami na sketi yake safi, akaanza kumlegeza kamba za kiatu maana kifundo kilikuwa kinavimba.

"Ndiyo hiyo?" alimuuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo hiyo."

"Safi?"

"Safi."

"Basi usikanyagie huu mguu."

Mwenyekiti alikuja amenyoosha mkono, macho mekundu kwa furaha, simu ikilia mfululizo mfukoni. Nilijiandaa kumrarua. "Hongera, Nyuki," alisema. "Hongera ya leo na ya siku ile."

Miaka yote kaka akipewa hongera alitazama viatu vyake, akatafuta la kusema. Safari hii alimpa Mwenyekiti mkono uliochubuka, akamtazama usoni.

"Asante," alisema.