Mtu Asiyekuhusu

...wala usimlazimishe kuja, alisema mwezeshaji Doreen kwa ile sauti yake ya kumbembeleza mgonjwa anywe uji, mwache aje mwenyewe, mtu wa kawaida tu, humpendi, humchukii, hakuhusu, na Lesiamon, Afisa Mifugo, aliyekaa juu ya mto wa zambarau katika ukumbi wa hoteli moja hapa Karatu, macho kafumba, magoti yanalalamika kama viti vya ofisini, alingoja, na hakuja mtu, maana hatua ya kwanza, ya kujitakia mema mwenyewe, aliimaliza upesi kuliko inavyopendeza, ya pili, ya kumtakia mema umpendaye, alimweka binti yake Nasha kisha akamwondoa haraka kwa sababu Nasha alimtazama vilevile alivyomtazama asubuhi, sasa hii ya tatu, mtu asiyekuhusu, jamani, mtu asiyekuhusu anapatikana wapi Karatu?... akaanza na Hhando, mlinzi wa getini, safi kabisa, Mwiraqw wa Mbulumbulu, hana undugu naye hata wa kusingizia, uwe salama Hhando, uwe na afya, uwe na amani, kumbe ng'ombe wa Hhando alikwama kuzaa mwaka juzi, na ni mkono huuhuu ulioingia hadi kwenye bega kumgeuza ndama, na ndama wakampa jina la Daktari, na mtu ambaye ndama wake anaitwa kwa cheo chako huwezi kusema hakuhusu... akamjaribu mhudumu wa chai, Lusia, lakini Lusia ni mke wa Hilary, na Hilary ndiye mchapaji wa barua zote za idara, ikiwemo hii iliyowaleta hapa, YAH: KUHUDHURIA MAFUNZO YA UTULIVU WA AKILI NA HURUMA, HATUA YA PILI, kwa watumishi waliofuzu hatua ya kwanza, huku mkikumbushwa kwamba taarifa ya utekelezaji wa huruma kwa robo iliyopita haijawasilishwa, na ni kweli haikuwasilishwa, jedwali lilikuwa na safu ya lengo, safu ya utekelezaji na safu ya changamoto, na idara nzima ya mifugo ilijaza ya changamoto peke yake... mafunzo ya hatua ya kwanza yalikuwa rahisi, kuvuta pumzi na kutafuna zabibu kavu moja mpaka uisahau ladha yake, akapewa cheti, akakitundika juu ya friji ya chanjo, akawa mtulivu hadi Jumatatu.

"Akili ikitangatanga," alisema Doreen, "irudishe taratibu, kama ndama," na Lesiamon akajua dada huyu hajawahi kurudisha ndama, ndama harudishwi taratibu, na upande wa kushoto Josephati wa ugavi alikuwa amefika mbali kuliko wote katika mazoezi, alikuwa anakoroma... basi Mzungu, Mzungu hamhusu mtu, akamchukua yule mama wa kwenye ukingo wa kreta aliyemwomba avae shuka la Kimaasai wapige picha, siku ambayo yeye kaenda na suti yake kukagua josho, uwe salama mama, uwe na afya, lakini mama huyo hutuma kadi kila Krismasi, na humsalimia mke wake Sinyati kwa jina, na huulizia mgongo wa Sinyati, mgongo ambao hata ndugu zake Sinyati hawauulizii, huyo naye keshakuhusu... "Akija mwingine usiyemtarajia," alisema Doreen, "mpokee huyohuyo," na hapo, bila hodi, akaja Senteu.

La, la, la, huyo wa hatua ya nne, hatua ya mtu mgumu, na hata huko Lesiamon alipanga kumweka mkuu wa idara kwa usalama wake mwenyewe, lakini Senteu alikwisha kaa, kaegemea fimbo yake, Senteu wa Soitsambu, wa rika lake, aliyempa ng'ombe mwekundu mwaka ule alioajiriwa, na Wamaasai mkipeana ng'ombe majina yenu mnayaweka pembeni, hamwitani tena Senteu na Lesiamon, mnaitana pakiteng, wewe pakiteng, yeye pakiteng, msibani, sokoni, kwenye simu, watoto wanakua wakidhani ndilo jina mlilobatizwa, na mtu akikurudishia jina lako la kawaida mbele ya watu ni heri angekutia kofi, kofi huisha... na Senteu alimrudishia, kwenye kizuizi cha mifugo, mwaka wa karantini, mbele ya halaiki, na sasa Jumamosi Nasha anaolewa na wazee wamegoma, wamesema hawabariki harusi ya binti ambaye baba yake na pakiteng wake hawasemezani, baraka itapita juu kwa juu, na Nasha asubuhi akiwa na kikombe cha chai mkononi, "Baba, wasipokuja utanibariki na nini, na kile cheti?", na Sinyati akacheka mpaka akashika mgongo, "Mwache mwanangu, baba yako ana huruma hatua ya pili, ya nyumbani ni hatua ya ngapi sijui"... "Pumua," alisema Doreen, akapumua, Senteu yupo palepale.

Vumbi lile, ng'ombe wa Senteu wametembea kutoka Soitsambu wakiwahi mnada, ndimi nje, hawana kibali, ugonjwa wa midomo na miguu uko Wasso, sheria ni sheria, na yeye Lesiamon kavaa koti jeupe la ofisi, pembeni yake wakubwa kutoka mkoani na mpiga picha wao, na mkubwa mmoja mnene mwenye miwani, aliyetoka kuhutubia asubuhi ileile kwamba tutawashughulikia watumishi wote wanaopokea zawadi za wafugaji, tuna majina, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni, "Afisa, unafahamiana na huyu mzee?", na kabla Lesiamon hajameza mate Senteu akasema, "Mimi na Lesiamon? Hapana, huyu namwona tu ni mtu wa serikali," akageuza ng'ombe wake akarudi nao walikotoka, na Lesiamon akasimama pale akisikia jina lake, Lesiamon, Lesiamon, kanikana, mbele ya watu kanikana kwa sababu ya karatasi ya kibali, na jioni Senteu akapiga simu, ikaita, Lesiamon akaitazama ikiita kama mtu anayetazama mvua kutoka dirishani, ikaita tena, ikanyamaza, na tangu hapo... ngoja... tuna majina, alisema yule mnene, zawadi za wafugaji... ngoja kwanza... kama Senteu angesema pakiteng, kama angelitamka mara moja tu, dereva wa wakubwa ni Parsimei, Mmaasai, askari wa kizuizi Mmaasai, nusu ya foleni Wamaasai, wote wangeelewa papo hapo kwamba huyu afisa alipewa ng'ombe na huyu mfugaji, na kazi ingekwisha palepale kwenye vumbi, na koti wangelivua mbele ya mpiga picha... mzee wa watu, ng'ombe wana kiu, safari yote imekwenda bure, na bado akaipata akili ya kulitupa lile jina chini, haraka, kama mtu anayeficha kisu cha nduguye nyuma ya mgongo wake mwenyewe polisi wanapoingia... na kumbe simu ile alikuwa anapiga kuuliza, pakiteng, umepona?... au labda hapana, labda alikasirika tu, labda Lesiamon anajitengenezea, utulivu nao una uongo wake, lakini mtu aliyekasirika hapigi simu jioni ileile halafu akarudia, Senteu akikasirika hununia hadi mbwa.

"Sasa panua," alisema Doreen, "watakie mema viumbe vyote, vikubwa kwa vidogo," na ukumbi mzima ukapumua, isipokuwa Josephati aliyekuwa akipumua siku nyingi, na Lesiamon, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikataa agizo, hakupanua, viumbe vyote ni pamoja na kupe na yule mnene, vingoje, simu ya kumpigia Senteu iko kwenye kapu la Doreen pamoja na za wenzake wote, kengele ya kumaliza haijalia, basi angeanza bila simu, uwe salama, uwe na afya, na ulimi wake kichwani ukaruka lile jina la Senteu bila kuombwa ukalishika lile lingine, pakiteng, uwe na amani, akakohoa, Doreen akasema pole, na kwa kuwa huwezi kumrukia mtu na habari za harusi kama karani, lazima kwanza umuulizie mifugo wake, mmoja mmoja, kwa rangi zao, akaanza, yule mweusi wa baka begani anaendeleaje, ameshika mimba, na mguu je, na Doreen akasema tunarudi sasa kwenye pumzi, wote tunarudi, na Lesiamon, macho kafumba, alikuwa bado yuko kwa ng'ombe wa kwanza.