Tawi la Lungelo

Mwenye kubeba tawi la mti wa umphafa hamsalimii mtu. MaHadebe aliijua sheria hiyo tangu usichana wake. Ukienda kuichukua roho ya mtu wenu aliyefia ugenini, unaiita kwa jina, unaiambia twende nyumbani, nayo inalishika tawi. Tangu hapo unazungumza nayo peke yake: sasa tunapanda basi, sasa tunavuka mto. Ukimjibu mtu mwingine hata neno moja, roho inabaki hapo hapo njiani, na hakuna wa kuirudia.

Kazi hiyo ni ya wanaume. Lakini shemeji yake, aliyepaswa kwenda, alikwisha kukubali nyumba ya matofali mjini aliyopewa na watu wa barabara, akahama, na simu akawa hapokei. Basi MaHadebe akaenda peke yake hadi Johannesburg, kwenye hospitali alikofia Lungelo, mwanawe wa pekee, ambaye hata kuzikwa alizikwa na watu wasiomjua. Akamwita kwa jina pale wodini, manesi wakipita na vikombe vyao vya chai. Akakata tiketi mbili, na tawi likakaa kiti cha dirishani.

Njiani alimwambia kila kitu, mvua ilivyonyesha, ng'ombe gani amezaa. Habari ya barabara hakumwambia.

Barabara yenyewe ilitoka migodini kwenda bandarini, nayo ilichorwa ipite katikati ya msitu wa Nhlozane. Ni msitu ule ule ambao MaHadebe alitozwa faini kwa kuokota kuni kavu, eti ni hifadhi, hata kijiti hakiguswi. Ikitoka msituni ingepita juu ya zizi lake, juu ya kaburi la mumewe, na juu ya nyumba ya msonge alikokuwa akimpeleka Lungelo. Mwanzoni kaya zote za bondeni zilikataa. Kisha moja ikakubali, nyingine ikafuata, mpaka wakabaki wanawake wawili, yeye na jirani yake MaZikhali. MaZikhali aliapa kwamba pale ataondoka kwa jeneza tu.

Mkutano wa mwisho uliitishwa Jumamosi. MaHadebe alipanga kumfikisha mwanawe Ijumaa, kesho yake aende akaseme lake. Aliposhuka basi njia panda Ijumaa mchana, akakuta magari ya serikali yamejaa mbele ya ukumbi. Mkutano ulikuwa umewahishwa.

Angeweza kupita zake. Lakini akitangulia nyumbani angerudi akute umekwisha, na asipoingia yeye, nani angemsemea? Akaingia, tawi kifuani. Wanaume walipoliona wakavua kofia.

Mwenyekiti alikuwa bwana mmoja wa idara ya barabara, mgeni. Alimtazama mama na tawi lake, akatazama saa.

"Mama, karibu. Imebaki kaya yako tu. Una pingamizi?"

Kaya yako tu. MaHadebe akamtafuta MaZikhali kwa macho, akamkuta anahangaika na pindo la shali yake. Hakuwa na haja ya kuuliza.

"Ndiyo au hapana, mama. Neno moja tu, tumalize."

Neno hilo lilikuwa limemjaa kinywani. Akilitoa, anampoteza mwanawe pale mlangoni pa kwao. Akilimeza, anampeleka kwenye nyumba itakayovunjwa. Akainamisha uso kwenye majani.

"Lungelo, mwanangu, hapa ni ukumbini. Nilikuficha jambo njiani, nisamehe. Hawa watu wanataka kupitisha barabara juu ya baba yako. Mimi mama yako nimekataa. Wakija na matingatinga yao watanikuta bado nimekataa."

Alilisema kwa sauti, na ukumbi mzima ulisikia. Mwenyekiti akamgeukia induna Ngcamu, mkuu wa kijiji, akamuuliza mama amejibu nini.

Induna Ngcamu alikuwa mtu wa haki, asiyejua kupindisha mila, na msiba wenyewe ulikuwa huo.

"Hajajibu, bwana. Anazungumza na marehemu. Hayo ni yao wawili. Kwetu sisi si adabu kuyasikia."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, maana ndivyo ilivyo. Hakuna aliyesema uongo. Mwenyekiti akasema basi, iandikwe kaya hiyo haina pingamizi. MaHadebe akazungusha macho akitafuta mtu mmoja tu wa kusema kwamba amesikia. MaZikhali alijivutia shali usoni. Watu waliocheza harusini kwake, waliomlilia mumewe, wote walitazama sakafu kwa heshima. Tangu azaliwe hakuwahi kuheshimiwa hivyo, wala kuachwa peke yake hivyo.

Akashika njia ya bondeni. Penye kijito akamwambia mwanawe kwamba wanavuka, maji ni kidogo mwaka huu. Akaingia ndani, akalilaza tawi mkabala na mlango, kwenye umsamo, mahali pa wahenga, akamwonyesha baba yake alipo. Kazi ikaisha. Sasa aliruhusiwa kusema na mtu yeyote.

Akatoka mlangoni. Kwa shemeji yake nyasi zilikuwa zimefika dirishani. Kwa MaZikhali walikuwa wamekwisha kuezua mabati. Hakukuwa na hata mbwa wa kumbwekea. Alisema hapana, mara moja, kwa sauti ya kawaida, akaona haya, akarudi ndani.

Akaketi karibu na tawi, akilia bila kujificha. Marehemu hadanganywi.

"Umefika nyumbani, mwanangu," alisema. "Ila usipazoee sana."