Musalaba ya Chaki

"Nimesema mi siigusi..."

"Vieux, hata kuiangalia tu..."

"...na weye pia hautaigusa, etudian, si mu hii garaje..."

"...arusi iko samedi, mama ya watu anasimama pale ku mulango..."

Tulikuwa tunasema wote pamoja, mi na Vieux Katsuva, muzee fundi wa garaje, kila mumoja anakanyaga maneno ya mwenzake. Katikati yetu iko ile Peugeot 404 nyeupe yenye sikutaka kuona tena mu maisha yangu. Mama Elodie alishika sakoshi yake, ule mukoba ya wamama, na mikono mbili, anangojea tumalize. Alikuja na ombi moja: janti zote ine, zile chuma za gurudumu zenye zinavaa tairi, ziangaliwe na zinyooshwe, juu mutoto yake Elodie anaolewa ile samedi, siku ya jumamosi, na anataka kufika kanisani mu gari ya baba yake. Ile baba, Athanase, ilikuwa myaka tatu hayuko.

Katsuva alikataa. Na Rwambuzi yote, kartie yetu, mutaa ya garaje, ilijua: janti ya chuma yenye Katsuva hajaangalia, hakuna mutu anasafiri nayo na roho ya kutulia.

Barabara ya kwetu inakunja chuma kama mutu anakunja chapati. Gari inatoka safari ya Niania, inatembea kama mulevi anatafuta mulango yake. Siye tunaipandisha juu ya kriki, ile jeki, tunasimamisha musumari karibu na janti, tunazungusha polepole na mukono. Fasi yenye chuma imekunjika, musumari inakwaruza: shrii. Pale tunaegemeza kipande ya mti mugumu, tunapiga nyundo kidogo kidogo, bila moto. Lakini mbele ya nyundo kulikuwaka jaribio ya Katsuva. Anapakaa petroli ya taa ku matundu ya bulo, zile za kufunga gurudumu, anapanguza mpaka inakauka, kisha anapulizia unga ya chaki. Kama kuko ufa, petroli yenye ilijificha ndani inaanza kutoka, na mustari mweusi inajichora yenyewe juu ya ile weupe, mwembamba kama unywele. Janti ya vile alikuwa anaipiga musalaba ya chaki. Ikipata musalaba, haitembei tena.

Mi nilikuwa nimeacha masomo ya mekanike mwaka ya pili, juu ya sababu zenye nilibadilishaka kufuatana na mutu mwenye anauliza. Njo maana Katsuva aliniitaka etudian. Mu garaje, kazi yangu ya kweli ilikuwa kuchekesha. Niliwekaka kajiwe mu kofia ya gurudumu ya pasta mumoja, akazunguka kartie mbili anasikiliza ile kelele, anafikiri ni zambi zake. Nilihamishaka pia misalaba. Mara mbili niliifuta ku janti mubaya, nikaichora ku muzuri. Mara mbili Katsuva alipitisha kidole ku matundu mbele ya kufunga, akakuta ufa, akanifukuza na nyundo mpaka fasi ya wauza makala, na watu wakacheka mpaka machozi. Ile kidole, niliiamini kuliko diplome zote zenye sikupata.

Mara ya tatu ilikuwa janti ya Athanase.

Alileta tano, pamoja na ya akiba. Moja ilitoa mustari mweusi. Katsuva akaichora musalaba, akaenda kunawa. Mi nikafuta musalaba, nikapanguza mustari, nikachora musalaba ingine ku jirani yake, nikakaa juu ya tairi kungojea kicheko. Simu ikalia: sekretere ya chuo, eti dosie yangu ya masomo imeonekana, nikimbie mbele ya saa ya kufunga ofisi. Nikakimbia. Dosie haikuwa yangu. Ilikuwa ya Emery mwingine.

Nilirudia, gari haiko tena. Mvua ilikuwa inataka kunyesha, Athanase alikuwa na haraka, alisaidia yeye mwenyewe kufunga bulo. Kidole haikupita.

Namba ya simu ya Athanase ilikuwa imeandikwa ku ukuta, juu ya kichwa yangu. Nasema ile juu hakuna mutu aliniulizaka. Nilikaa chini ya ile namba mpaka mvua ikaisha, najiambia: akirudia juma hii, nitamwambia, tutacheka wote.

Siku ya tatu, janti ilipasuka ku mutelemuko mbele ya kufika Mongbwalu, Athanase akafia pale; gari yenyewe, familia ilikuja kuitengeneza.

Ku matanga Katsuva alisimama mbele ya watu wote. "Macho yangu njo iliua huyu mutu," akasema. Nilikuwa nashika kikombe ya chai. Nikakunywa.

Toka ile siku hakugusa tena chaki. Fundi mukubwa vile, alibakia kuziba matairi na kubadilisha mafuta ya motere. Na mi, mutu ya kicheko, nikaanza kusikia musumari. Gari inapita kwa njia: shrii. Kanisani, pale pasta anasema tunyamaze tuombe: shrii. Asubui ingine nilionaka misalaba ku milango ya majirani, ku migongo ya watu wanaenda soko. Nikikaribia, hakuna kitu. Ni mashati tu, na watu ndani yake.

Basi ile siku ya ugomvi, Mama Elodie alichoka kungojea. Aliweka sakoshi juu ya gari, na sauti ya chini akamwambia Katsuva kwamba hakukuja juu ya janti tu. Alitaka watu waone gari ya Athanase inatoka mu mikono yake, wajue familia haina neno naye. Amemusamehe zamani, ila alikosa njia ya kuja kusema.

Katsuva akafunika uso na kitambaa ya mafuta. Akapokea ile musamaha kama mutu anavaa koti ya mwingine, na inamutosha.

Pale njo nilishindwa kuendelea kuficha.

"Musalaba, ni mi niliihamisha," nikasema. "Vieux aliiona ile ufa sawasawa. Nilifuta juu nilitaka tucheke."

Katsuva alitoa kitambaa ku uso. Aliangalia mikono yake, mbele na nyuma, muda murefu, sawa vile imetoka safari.

"Myaka tatu, Emery," akasema. Hakuniita etudian.

Sikupata nguvu ya kumuangalia Mama Elodie. Nilikuwa tayari kwa matusi, kwa polisi, kwa mate. Nilisikia viatu yake inazunguka gari polepole, inasimama ku kila gurudumu. Kisha akafungua mulango ya mbele, upande ya dereva, akaiacha wazi.

"Nakuomba kitu moja," akasema. "Samedi uendeshe weye mwenyewe, juu ya janti zenye mutakuwa mumeangalia. Elodie atakaa nyuma yako."