Kisiwa Kipya cha Mto Kuja

Mto Kuja ulikuwa umepotea. Sijui niseme vipi zaidi. Niliingiza disketi iliyotoka Kisumu, nikafungua ramani kwenye kompyuta, na pale nilipozoea kuona mstari wa buluu ukijipinda hadi ziwani palikuwa na buluu tupu, pana kama blanketi. Nikatoa disketi, nikaipuliza, nikairudisha. Buluu ileile.

Kazi yangu pale Homa Bay ilikuwa kugeuza ramani za kompyuta ziwe za karatasi, maana boti hazina kompyuta na nahodha hasomi disketi. Plota, ile mashine ya kuchora kwa kalamu, ilichora kina cha maji, miamba na kingo za mto, nami nikikagua. Mwaka huo wa El Niño gugumaji lilitutesa. Lilielea kwa mapande makubwa, na waliochora kutoka picha za ndege walidhani kila pande ni nchi kavu. Leo kisiwa kiko hapa, kesho upepo umekipeleka Takawiri. Ofisi ikaweka sheria: kisiwa kisichokuwemo kwenye ramani ya zamani, futa. Niliipenda sheria hiyo kuliko wote. Nilifuta visiwa kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

Lakini siku hiyo akili haikuwa yangu. Mama yangu, Nyasuguta, alihama Kisii akaenda kulima na kuuza ndizi Nyatike, karibu na mdomo wa Kuja. Tangu mto ufurike, Jumamosi, hakuna aliyeniletea habari zake. Boti ya kuokoa watu ilingoja ramani yangu gatini, na mafuta yake yalitosha kwenda palipochorwa tu, si kutangatanga.

Nikachapa karatasi ya majaribio. Nyumba ya mama, hakuna. Soko, hakuna. Katikati ya buluu kulikuwa na kijisiwa kimoja chenye umbo la figo.

"Hiyo ni gugu," akasema mkubwa wangu, Bwana Maroa, akichungulia begani mwangu. "Toa, Mellen. Maurice anangoja."

"Na kama si gugu?"

"Kwa ramani ya zamani iko?"

"Haiko."

"Sasa?"

Sasa nini? Nikakifuta. Plota ikachora upya, maji kila upande, nami nisijue nimtafute mama sehemu gani ya karatasi. Nilitaka kulia, nikakasirika badala yake. Maurice, nahodha wa boti, akaja akaikunja ramani na kuondoka nayo.

Nikabaki na ile ya majaribio. Nikaibandika dirishani juu ya ramani ya zamani ya nchi kavu, mwanga ukapenya zote mbili. Kijisiwa kikakaa sawasawa juu ya kilima kidogo, na juu ya kilima palikuwa na alama ya kanisa. Kanisa la Wasabato! Mama hulalamika kila wiki kwamba kilima kile kinamuua magoti. Na maji yalikuja Jumamosi. Siku ya Sabato Wasabato hawashindi nyumbani. Hushinda kanisani hadi jua litue, na chakula walichopika Ijumaa.

"Gugu halioti umbo la kilima!" nikampigia Maroa kelele, nikatoka mbio bila kungoja jibu.

Maurice alikuwa tayari ndani ya boti. Nikamnyang'anya ramani, nikaitandaza juu ya kreti la samaki, nikachora kisiwa kwa mkono.

"Nyar Kisii, hii umechora na kalamu tu," akasema, akiniita binti wa Kisii kwa lugha yake. "Ni nchi ama ni gugu? Mafuta ni ya kwenda mara moja."

Ningeapa vipi? Sikujua kitu. Ndege imeona kijani, mimi nimeona kilima, na katikati ni mama yangu.

"Kama ni gugu," nikamwambia nikivua viatu, "niache hapohapo."

Nikapanda.

Tulipofika, Maurice akazima injini. Mbele yetu kulikuwa na gugumaji, kijani juu ya kijani, likitikisika kwa mawimbi. Akatazama mafuta, kisha miguu yangu mitupu. Halafu paa la mabati likajitokeza nyuma ya majani, na watu wakaanza kusimama mmojammoja, wamevaa nguo zao za Sabato, zimejaa matope.

Mama alikuwa mbele. Alinishika mikono yote miwili, akawageukia wenzake akicheka na kulia.

"Si niliwaambia? Ramani anachora mwanangu. Atatuachaje nje?"

Nikamsaidia kuingia botini, nikashindwa kumtazama machoni.