Saa Mbili ya Kwetu

Miaka minne Lavonne aliamini kwamba vidole vyake vimezeeka, na aliyemwaminisha ni mimi, Nadine, jirani yake, niliyempelekea chakula wiki nzima alipofiwa na mumewe. Najua utasema nini. Nimeshajisema mwenyewe, na kwa maneno makali kuliko yako.

Sisi wa Evansville tuko kwenye saa za polepole. Ukiendesha gari kidogo tu kwenda mashariki, ukafika Jasper, Indiana hiyohiyo, wenzetu wako kwenye saa za haraka, wametutangulia saa nzima. Huku hatupangi jambo bila kuulizana, "Saa yenu au saa yetu?" Watu wamekosa harusi. Mjomba wa Duane, mume wangu, aliwahi kufika mazishini akakuta watu wameshazika na wanakula.

Mimi na Lavonne ni wanachama wa klabu moja ya likizo yenye majengo pwani ya Florida. Hupewi chumba kuwa chako. Unapewa pointi kila mwaka za kulipia siku zako, kisha unakwenda kupigania nafasi na wenzako. Nyumba za kona, zile za vyumba vitatu zinazotazama bahari, ziko sita tu, majengo yote. Ukitaka moja kwa wiki ya Krismasi, uwe na simu mkononi asubuhi ya tarehe ishirini Januari, miezi kumi na moja kabla, klabu inapofungua saa mbili kamili. Dakika moja baadaye hakuna kitu. Nchi nzima inabonyeza, na kila mtu anamwombea mwenzake mtandao umkatikie.

Merle, mume wa Lavonne, alipofariki, watoto wake walimwambia: mama, pata nyumba ya kututosha wote na Krismasi tutakuja. Binti yake Kirsten yuko Oregon, kaka yake yuko Texas, wajukuu ni watano. Vyumba vya hoteli hawakuvitaka. Walitaka jiko moja, meza moja, watoto walale wamejazana sakafuni. Lavonne akajiunga na klabu kwa ajili ya nyumba ya kona tu. Akaja jikoni kwangu na kijitabu chake, akauliza, "Shoga, hii saa mbili waliyoandika hapa, ni ya kwao au ya kwetu?"

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeikosa nyumba hiyo kwa sekunde chache, na wajukuu wangu walilia kwenye simu mpaka nikakata. Nyumba sita. Kila mtu mmoja anayepungua ni nafuu. Nikamtazama usoni, nikasema, "Ya kwetu."

Klabu inafuata saa ya Florida, na saa mbili ya kwetu, kule ni saa tatu. Duane aliinua macho kwenye gazeti lake, akanitazama, akayarudisha kwenye gazeti.

Nilijiambia ni mwaka mmoja tu. Nikishapata yangu, nitamwambia nilichanganya, nani hachanganyi saa huku kwetu? Tarehe ishirini nikabonyeza saa moja ya kwetu, nikapata. Saa mbili na dakika mbili Lavonne akanipigia simu. "Nadine! Nimebonyeza palepale, saa mbili kamili, na zote zimekwenda! Hao watu wana mikono gani?"

"Eh, mwenzangu," nikasema, "wapo vijana huko wana vidole vya umeme."

Basi. Nilishasema hivyo, ningerudi vipi? Mwaka wa pili alifanya mazoezi na saa ya jikoni, ile ya kupimia keki: ikilia, anabonyeza simu, ikilia, anabonyeza. Alinionyesha, tukacheka. Mwaka wa tatu alinunua simu mpya. Mwaka wa nne alikwenda kwa daktari kupimwa mikono. Nasema kweli! Daktari akamgongagonga viganja, akamwambia mikono yako mizima, mama. Lavonne akarudi kaudhika, akasema daktari yule hajui kazi. Nami nikaitikia kwamba madaktari wa siku hizi, ah.

Siku ile Duane aliuliza, "Utamwambia lini?"

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mjinga, mke wangu. Mimi niko kwenye saa za polepole, lakini kichwa changu hakiko."

Sikulala vizuri tena baada ya hapo. Na Krismasi zote nne nilikwenda pwani na watu wangu, nikala, nikapiga picha, nikimwonyesha Lavonne chache tu, zile ambazo bahari haikuonekana vizuri.

Januari hii nikaapa nitamwambia. Siku moja kabla ya tarehe ishirini tulicheza karata kwangu, wanawake wawili tunaocheza nao wakaondoka mapema kwa sababu ya barafu barabarani, tukabaki mimi na Lavonne na pai yake ya krimu aliyoileta. Neno lilikuwa mdomoni. Yeye akanitangulia.

"Nadine, kesho sibonyezi."

"Kwa nini?"

"Nimechoka kushindwa na watoto wadogo. Nimemwambia Kirsten asiningojee tena. Wakwe zake wana nyumba milimani, watakuwa wakienda huko kila Krismasi, na kaka yake pia wamemkaribisha. Wameshakubaliana." Alikuwa anakusanya karata, anazipanga taratibu. "Pointi zangu nataka nikupe wewe. Nimeuliza, inaruhusiwa. Miaka yote umekuwa ukinitia moyo. Chukua, ukae na wajukuu wako wiki mbili badala ya moja."

Mungu wangu. Afadhali angenizaba kofi.

"Lavonne," nikasema, "ni saa moja."

Akatazama saa ukutani. "Saa moja gani? Saa tisa hii."

"Klabu. Inafungua saa moja ya kwetu. Saa mbili ni ya kwao."

Akakunja uso, akafikiri. Kisha uso ukafunguka. "Aa! Wamebadilisha lini?"

Ona alivyo huyu mwanamke. Alinifungulia mlango nitoke, na wala hakujua. Ningesema wamebadilisha juzi, tukacheka, mambo yakaisha. Duane alikuwa sebuleni, na nilisikia gazeti limetulia.

"Hawajabadilisha," nikasema. "Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Uliponiuliza, nilijua. Nilikudanganya ili apungue mtu mmoja."

Alimaliza kupanga karata, akaziweka kwenye boksi lake, akavaa koti. Mlangoni akauliza, "Na mwaka niliokwenda kwa daktari?"

"Nilijua."

Akatoka. Pai aliiacha mezani, haijakatwa hata kipande.

Asubuhi ya tarehe ishirini nilikaa jikoni, simu nimeilaza mbele yangu kifudifudi. Saa moja ikafika, ikapita. Sikuigusa. Duane akanimiminia kahawa, akajimiminia na yake, akakaa.

Saa moja na nusu kengele ya mlango ikalia. Lavonne alikuwa amesimama kwenye theluji, koti la baridi juu ya nguo ya kulalia, buti za marehemu Merle miguuni. Akaingia bila kukaribishwa, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote.

"Nimeipata," akasema. "Ya kona. Ghorofa ya juu."

"Lavonne, mpigie Kirsten. Mpigie sasa hivi, labda..."

"Nimeshampigia. Nimemwamsha, huko kwao bado usiku." Alivua glavu moja, akaiacha ya pili. "Ameniambia, mama, nyumba nzuri hiyo, lakini tumeshawaahidi watoto mambo ya theluji. Yule mkubwa hata kwenda mahali na sisi hataki tena, ana mpenzi. Ameniambia nitafute mtu wa kwenda naye, nisikae peke yangu."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nisamehe, nikamwambia nitafanya lolote, pointi zangu zote ni zake, nitampigia Kirsten mwenyewe nimweleze nilichofanya, wote wajue. Nilisema mengi. Duane alinyanyuka akaenda chumbani akafunga mlango.

Lavonne alingoja mpaka nikaishiwa. Kisha akavuta kikombe cha Duane, akakizungushia mikono yote miwili, apate joto.

"Wajukuu wako," akasema, "asubuhi ya Krismasi kule, huwa wanaamka saa ngapi?"

Sikuelewa. "Mapema," nikasema. "Kabla ya jua."

"Halafu wanafanya nini?"

"Lavonne, tafadhali."

"Sigombani nawe. Ninakuuliza. Zilikuwa Krismasi nne, na mimi sikuwepo. Niambie zilivyokuwa." Akasogeza kiti karibu na meza. "Usiruke kitu. Anza na mwaka wa kwanza."