Ncha za Nywele za Suyun

Mama mkwe wangu alitangaza tukinywa asubuhi chai ya majani yaliyokaangwa kwa mafuta, bakuli lake likiwa bado mkononi. Mkasi hataushika.

"Binti wa Kiyao anakatwa nywele mara moja tu maishani, akifika miaka kumi na minane," alisema. "Huyu alishakatwa. Sasa mimi nikate nini?"

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya sherehe hiyo ya kwetu, Wayao wa milima ya kusini mwa China. Nguruwe tulishamchinja, nyama inaning'inia juu ya moshi, ndugu wa mume wangu wamealikwa hadi wa bonde la pili. Suyun, binti yangu, aliacha kutafuna.

"Nani alimkata, Mama?" nikauliza.

"Wewe."

Sikushangaa sana. Nilijua neno hilo limetoka wapi. Wifi yangu Yinjiao, dada wa mume wangu aliyeolewa kijiji jirani, alikuwa amekaa karibu na jiko akijifanya anapuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka vizuri. Mwezi uliopita ndiye aliyemsaidia Suyun kuosha nywele mtoni. Mpaka siku ile hakuwahi kuziona, kwa sababu kwetu msichana ambaye hajaolewa hufunika kichwa kwa kitambaa cheusi, na nywele zake huonwa na watu wa nyumba yake tu. Yinjiao aliona kwamba zinaishia katikati ya mgongo. Zangu zinafika magotini. Za mama mkwe, akisimama na kuzifungua, zinagusa sakafu.

"Mama Suyun, usinikazie macho," alisema Yinjiao. "Mimi nimesema nilichoona. Unakumbuka chawa wa bweni, miaka sita iliyopita? Shule nzima ilihangaika mwezi mzima, wewe ukamaliza wa kwako kwa siku mbili. Chawa hawaishi kwa siku mbili, wifi. Labda kwa mkasi."

"Wanaisha kwa chanuo lenye meno ya karibu, na mama anayejua mayai yao yanakaa wapi. Nimesomea kazi hiyo."

"Ndiyo hayo mambo ya stashahada!"

Stashahada yangu ni ya maabara, niliisomea mjini Guilin, na ninafanya kazi katika zahanati ya tarafa. Katika nyumba ile hutajwa kila kitu kikiharibika, hata mtungi wa pilipili ukiota ukungu.

"Niulizeni mimi basi," Suyun akasema. "Kichwa ni changu. Sijakatwa. Zinafika hapo zinasimama, basi. Shangazi, nyusi zako mbona hazifiki kidevuni? Nani anakukatia?"

Mume wangu alipaliwa na chai. Mama mkwe hakucheka.

"Nywele za watu wetu hazisimami," alisema. "Nimemwosha mtoto huyu kwa maji ya mchele yaliyochachuka tangu ana miaka mitano. Kwa ganda la balungi, kwa mashudu ya mbegu za chai. Kwa mikono hii. Kila mwaka nangoja. Zisirefuke? Haiwezekani. Zimekatwa, naye amenyamaza ili kumficha mama yake."

Hapo nilielewa kwamba hasira haikuwa ya chawa. Na nilielewa pia uzito wake. Fungu linalokatwa siku ile bibi hulitunza ndani ya sanduku mpaka siku ya arusi, kisha hurudishwa kichwani kwa mwenyewe, likasokotwa pamoja na nywele zinazoota na zile zilizoanguka kwenye chanuo maisha yake yote. Mafungu matatu, kichwa kimoja. Bila siku ile, Suyun angeolewa na mafungu mawili, na kila mwanamke wa matuta haya ya mpunga angejua kwa kumtazama tu. Angehesabiwa kuwa msichana aliyedanganya.

"Mama," nikasema, "naomba sanduku la zilizoanguka. Na kioo chako cha kukuzia, kile cha kutarizia."

Mama mkwe hatupi unywele hata mmoja. Kila mwaka mpya hukusanya zilizobaki kwenye chanuo la Suyun, huzipanga na kuzifunga kwa uzi mwekundu, fungu dogo la kila mwaka. Kwa hiyo ushahidi alikuwa nao mwenyewe, chini ya kitanda chake, kwa miaka kumi na mitatu.

Nilitandaza kitambaa cheupe mezani. Nikachukua fungu la mwaka mmoja kabla ya chawa, na fungu la mwaka huu. Nikayalaza pamoja. Urefu ule ule, wa mkono wangu kutoka begani hadi ncha za vidole, pungufu kidogo.

"Unaona? Kabla ya chawa zilikuwa hivi hivi."

"Ulimkata kabla," alisema Yinjiao, lakini sauti ilishapungua.

"Haya. Njoo, kaa." Nilimwita mume wangu, ambaye hukatwa nywele na kinyozi kila mwezi, nikang'oa unywele mmoja kichwani kwake. Alilalamika kama mtoto. Nikauweka kando ya unywele wa Suyun kutoka fungu la mwaka uliofuata chawa, na kumpa mama mkwe kioo.

"Tazama ncha ya unywele wa mume wangu kwanza."

Alitazama. "Butu. Kama bua la mpunga baada ya mundu."

"Sasa ya Suyun."

Alikisogeza kioo karibu, akakirudisha nyuma. Ana jicho la kutarizi. Sindano anaitia uzi mwenyewe, na ana miaka sabini na mmoja.

"Imechongoka," alisema mwishowe. "Inakwenda ikipungua mpaka haionekani."

"Unywele ukiota mara ya kwanza hutoka mwembamba, kama chipukizi. Ncha hiyo ndiyo uliyoota nayo. Mkasi ukipita mara moja tu, hairudi kwenye unywele huo. Na huku mwisho mwingine kuna kidonge cheupe, umekiona? Hapo ndipo uliposhika kichwani. Haukukatika. Umemaliza muda wake, ukaachia."

"Muda gani?"

"Kila mzizi una muda wake wa kufanya kazi, Mama. Wa kope ni miezi, ndiyo maana kope hazifiki shavuni. Wa kichwa chako ni zaidi ya miaka kumi bila kupumzika. Wa Suyun ni kama miaka minne, unapumzika, unaachia, unaanza upya. Maji yako ya mchele yamezifanya zing'ae na zisikatike, tazama zilivyo. Lakini muda hauongezwi kwa maji. Mtu huzaliwa nao, kama urefu wa miguu."

"Kwa damu ya nani?" aliuliza Yinjiao haraka. "Kwetu hakuna."

Nilitaka kumjibu, ila mama mkwe alikuwa ameshainuka. Alirudi na kifuko cha kitambaa ambacho sikuwahi kukiona katika miaka ishirini ya ndoa. Ndani yake mlikuwa na fungu la nywele, limefungwa uzi ambao zamani ulikuwa mwekundu. Lilikuwa fupi kama la Suyun.

"Za dada yangu Shuilan," alisema. "Zilizoanguka. Mama yetu alisema amejikata, akamnyima siku yake. Aliolewa bila fungu. Watu walimcheka mpaka amekufa. Mimi pia nilimcheka."

Hakunipa kioo. Alitoa unywele mmoja, akausogeza dirishani, akatazama mwenyewe. Akatoa wa pili. Wa tatu. Nadhani alitazama kama ishirini, na hakuna aliyethubutu kumharakisha, hata Yinjiao.

"Zote zimechongoka," alisema. Kisha, bila kugeuka: "Suyun, lete mkasi nikaunoe."

Siku ya tatu nyumba ilijaa wanawake, koti jekundu kwa koti jekundu. Suyun aliketi katikati, akafunguliwa kitambaa. Nywele zilianguka hadi katikati ya mgongo na kuishia hapo, nyeusi, nzito, zinameremeta kama lami iliyolowa. Mnong'ono ulianza pale pale.

Mama mkwe aliinua mkono.

"Fupi, ndiyo. Nina macho. Hizi ni nywele za Shuilan, dada yangu, zimerudi nyumbani kwetu. Hakuna mkono wa mtu uliowahi kuzigusa kwa chuma. Anayebisha aje hapa."

Akatoa kioo cha kutarizia kwenye mkanda wake na kumpa mwanamke wa kwanza kulia. Kilipita mkono kwa mkono, na kila mmoja aliinama kutazama ncha. Suyun alikaa amenyoosha shingo, hakuinamisha kichwa hata kidogo. Kilipomfikia Yinjiao alitazama, akatazama tena, akafuta pua.

"Za kwangu si nzuri hivi," alisema.

"Nilishajua," akajibu mama yake, na akakata.